Simu Iliyolia Kabla Nyumba Haijaandikwa

Vijana wangu, kila Jumapili baada ya ibada mnanisimamisha pale kwenye meza ya chai mkiniuliza habari za kununua nyumba. Mmoja anataka kujua kama wakili ni lazima. Mwingine anauliza amweke mama yake kwenye hati au asimweke. Mimi nawajibu kwa neno moja moja nikiwa na kikombe mkononi, halafu narudi nyumbani na wasiwasi kwamba nimewajibu vibaya. Mambo haya hayajibiwi kwa kusimama. Kwa hiyo nimekaa, naandika.

Wengi mnanijua kwa jina la Mama Neema tu. Mimi si wakili. Nilisoma Morogoro mpaka darasa la saba. Hapa Toronto nilianza kwa kusafisha ofisi katika jengo moja la Rexdale, na katika jengo hilo, juu ya duka la mazulia, alikuwepo wakili wa mambo ya nyumba aitwaye Bi Zarina. Siku moja alinikuta kwenye korido na ndoo yangu, akaniomba nimsaidie kumweleza jambo mteja mmoja wa Kigoma ambaye Kiingereza kilikuwa kimemkimbia kwa woga. Niliweka ndoo chini, nikaingia. Nilibaki katika ofisi ile, mkalimani na mpokea simu, mpaka nilipostaafu.

Bi Zarina alizaliwa Mwanza, kwenye familia ya Waismaili waliokuwa na duka pale, wakahama akiwa mtoto. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na cha dukani. Aliweza kukuagiza mchele na kukugombeza, lakini hakuweza kukueleza mkopo wa nyumba. Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Jioni Baba Neema alikuwa akiniuliza, "Leo umetafsiri nini?" Nami namjibu, "Maneno." Siri za wateja hazitoki ofisini, hata kwa mume. Alicheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Alifariki majira ya baridi yaliyopita, mnajua, mlikuja. Sasa hakuna anayeniuliza, na labda ndiyo sababu nyingine ya kuandika. Hayo nitakayowasimulia, wenyewe wameniruhusu, na majina nimeyabadilisha.

Nianze na kitu ambacho hamniulizi. Hamniulizi kuhusu woga. Mnadhani ukiogopa maana yake una matatizo, au wewe ni mshamba. Nimewaona wauguzi, madereva wa malori, wahandisi, mchungaji mmoja mwenye sauti ya kutikisa madirisha, wote wakikaa kwenye kile kiti cha mbele ya Bi Zarina na kalamu inacheza mkononi. Mtu asiyeogopa kabisa katika shughuli hii ni dalali, maana yeye nyumba si yake. Mtu akiogopa, anasikiliza. Hatari yetu sisi ni kwamba tunaogopa na tunaficha kwa kusema ndiyo.

Hilo nililiona mapema sana. Mtu wetu amelelewa kwamba mkubwa akikueleza jambo, unaitikia. Wakili anaeleza, yeye anaitikia. Ndiyo mama, ndiyo, ndiyo, sawa kabisa. Ukimwuliza ameelewa nini, anatabasamu. Bi Zarina alipogundua hivyo aliweka sheria: katika chumba chake neno "ndiyo" halihesabiwi. Mimi nikishatafsiri, mteja anatakiwa aniambie kwa maneno yake mwenyewe amesikia nini, nami nalirudisha hilo kwa Bi Zarina kwa Kiingereza. Mzee mmoja alikasirika, akaniambia, "Kwani mimi ni mwanafunzi wako?" Nikamwambia hapana baba, mwanafunzi ni mimi, nataka kujua kama nimesema vizuri. Akalegea. Akasema alichosikia. Alikuwa amesikia kwamba akishindwa kulipa mkopo, benki itamtafutia nyumba ndogo zaidi. Tulianza upya, na chai ililetwa mara nyingine.

Basi, wakili ni lazima? Katika mkoa huu wa Ontario, nyumba haiwezi kuhamia jina lako bila wakili wa kuiandikisha, kwa hiyo swali halipo. Swali ni lini umwone. Wengi wenu mnamwona mkishasaini ofa. Huko ni kwenda kwa daktari na kidonda kimeshaoza. Ofa ukishaisaini, na muuzaji akaikubali, umefungwa. Fleti mpya unayonunua kwa mjenzi ina siku chache za kujifikiria ukabadili nia. Nyumba iliyokwisha kukaliwa na mtu haina. Kilichobaki cha kukuokoa ni masharti mliyoyaandika humo ndani: kama benki itanikubali, kama mkaguzi ataipitisha, kama wakili wangu atasoma karatasi za jengo na kuridhika. Dalali atakwambia masharti yanamkimbiza muuzaji. Pengine ni kweli. Nimeona pia watu waliokimbiza masharti, nyumba mbovu ikabaki mikononi mwao.

Ile pesa ya mwanzo unayotoa ofa ikikubaliwa ni kama kishika uchumba. Ukiikimbia ndoa bila sababu iliyoandikwa, usitegemee kurudishiwa, na upande wa pili wanaweza kukudai zaidi.

Na karatasi za jengo, zile zinazoonyesha hali yake na madeni yake, kama unanunua fleti, zisomwe. Kuna jengo moja, silitaji, lililokuwa na maua mazuri mlangoni na maji yanavuja chini kwenye maegesho. Mteja aliyekuja kwetu akiwa ameshasaini bila sharti hilo alinunua fleti na maji pamoja, maana gharama ya kuziba wanachangishwa wenye fleti wote.

Siku hizi karatasi zimepungua. Nilipoanza tulikuwa na mafaili mazito kama tofali, tukitia mihuri mpaka mkono unauma. Sasa kila kitu kiko kwenye kompyuta, na Bi Zarina anabonyeza kitufe kimoja, nyumba inakuwa yako. Kitufe kimoja. Mimi hilo liliniogopesha kuliko mafaili. Faili unaweza kulikalia.

Kitufe hicho ndicho ninachotaka kuwasimulia.

Walikuja ofisini watu watatu. Daudi, dereva wa lori, kijana mcheshi mwenye mabega mapana. Mke wake Pendo, anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia. Na kaka yake Daudi, Elia, mkubwa wao, mtu wa suti na maneno machache. Daudi na Pendo walikuwa wananunua fleti ya vyumba viwili kwenye yale maghorofa ya barabara ya Dixon, na benki ilikuwa imesema mishahara yao haitoshi, waje na mdhamini ambaye jina lake litaingia kwenye hati. Elia akakubali. Hakuna aliyemlazimisha. Mdhamini si jina la mapambo, vijana. Mwenye nyumba akishindwa, benki inamgeukia mdhamini kwa deni lote, si kwa kipande chake. Kwa hiyo naye alikuwa anaogopa, ingawa alikaa wima.

Kabla ya yote Bi Zarina aliwaambia jambo analowaambia wote wanaokuja pamoja, nami nikalitafsiri polepole: wakili akiwa wenu nyote, hakuna siri kati yenu. Mmoja akimnong'oneza jambo, atalazimika kuwaambia wenzake. Wasipoliweza hilo, kila mtu atafute wakili wake. Wakalirudia kwa maneno yao. Pendo ndiye aliyelirudia vizuri zaidi. "Yaani hapa nikisema, nimesema kwa wote. Hata nikimwambia Mama Neema."

"Hata ukiniambia mimi," nikasema.

Halafu likaja lile swali la majina. Nyumba ikiwa ya wengi, inaweza kuandikwa kwa namna mbili. Ya kwanza, wote ni wamoja, na mmoja akifa wanaobaki wanachukua kila kitu. Ya pili, kila mtu ana fungu lake, na akifa fungu linakwenda kwa warithi wake. Mnaona lilivyo. Huwezi kulijibu bila kutaja kifo. Na sisi mtu akinunua nyumba tunamwombea baraka, hatumwulizi atakapokufa itakuwaje. Mimi nilikuwa na namna yangu ya kulipitisha. Nilianza na Mungu apishe mbali, nikaendelea na ikitokea mmoja ametangulia, nikazunguka mpaka wenyewe wakapata njia ya kuingia.

Siku ile nilizunguka, wakakwepa. Elia akasema sote ni familia, tuandike tu wote watatu pamoja. Daudi akasema kaka amesema. Pendo alikuwa anaangalia viatu vyake. Angesema nini? Kwamba mume wangu akifa sitaki kuwa na shemeji kwenye nyumba yangu? Mbele ya shemeji mwenyewe, aliyemdhamini?

Bi Zarina alimwangalia Pendo kwa muda, akaniinulia mkono ninyamaze, akasema kwa Kiswahili chake cha dukani: "Daudi, wewe kufa kesho. Nyumba ya nani?"

Nilitamani sakafu inimeze. Elia alifungua mdomo. Ila Daudi akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, akasema, "Kumbe mnanizika na sijalipa hata mwezi wa kwanza." Kisha akaacha kucheka, akamgeukia kaka yake. "Kaka, iwe ya Pendo na watoto."

Elia akauliza swali la haki kabisa, kwamba kama nyumba si yake, kwa nini deni liwe lake. Wakazungumza, mimi katikati nikitafsiri mpaka koo likakauka. Mwisho wake ikaandikwa hivi: Daudi na Pendo wamoja katika sehemu tisini na tisa kati ya mia, Elia sehemu moja pembeni, inayoitosheleza benki. Daudi na Pendo wakasaini karatasi nyingine kwamba Elia akilipia chochote watamrudishia. Nimewaeleza hilo kwa sababu mnaniuliza sana kuhusu kumweka ndugu kwenye hati. Sijui kama ni jibu lenu. Lilikuwa lao.

Kilichokuwa hakijasemwa ni kwamba Daudi alikuwa na moyo mbovu. Alijua, Pendo alijua. Alikuwa kwenye foleni ya upasuaji, na foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo waliona nyumba itatangulia. Wiki ya kukabidhiwa nyumba, hospitali ikapiga simu: nafasi imepatikana, njoo, na siku waliyotaja ni ileile ya kukabidhiwa.

Tulimwomba muuzaji asogeze siku mbele. Hakuweza. Naye alikuwa ananunua kwingine siku hiyohiyo kwa pesa hizohizo, na aliyekuwa anamuuzia naye vilevile. Watu wengi wanakuwa wamefungwa kamba moja bila kujuana. Na Daudi hangeweza kusaini mapema akamaliza, kwa sababu makaratasi ya benki yalikuwa hayajafika. Benki huwa zinayaleta dakika za mwisho, msishangae.

Ikabidi Daudi ampe Pendo hati ya uwakala, yaani karatasi inayomruhusu mtu mwingine kusaini kwa niaba yako. Tulikwenda nayo nyumbani kwao. Mashahidi wanatakiwa wawili, na mke haruhusiwi, wala mtoto. Tulisimama mimi na karani mwenzangu. Bi Zarina alimweleza Daudi masharti yake, na moja lilikuwa hili: uwakala unaishi na aliyeutoa. Akifa, karatasi imekufa saa ileile. Saini yoyote ya baada ya hapo ni bure, na wakili akijua, anasimamisha kila kitu. Nilitafsiri. Nilimwomba arudie.

"Nimesikia kwamba natakiwa kupumua mpaka ofisi ya ardhi ifungwe," Daudi alisema. "Inafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Nitajitahidi."

Tulicheka sote isipokuwa Pendo.

Nataka mwelewe alichokuwa anakiona Pendo wakati sisi tunacheka. Nyumba ikishaandikwa, Daudi akafa, nyumba ni yake. Daudi akifa kabla haijaandikwa, hakuna nyumba. Uwakala umekufa, benki lazima iambiwe, na benki ilikuwa imekopesha kwa mshahara wa mtu aliye hai. Ile pesa ya mwanzo imepotea, waliyoiweka kwa zamu za usiku na sikukuu. Na pale walipokuwa wakipanga walikwishatoa taarifa ya kuhama, mpangaji mwingine alishalipa. Kifo ni kilekile. Dakika moja huku, mjane ana nyumba. Dakika moja kule, yuko barabarani na watoto.

Siku yenyewe karatasi za benki zilifika asubuhi, Daudi akiwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Pendo ilibidi awe ofisini kwetu kusaini, na Elia alisaini zake haraka, akaenda kukaa hospitali mahali pa mke. Pendo alisaini kila ukurasa jina lake na kwa niaba ya mumewe. Alipomaliza, hakuondoka. Bi Zarina alimwambia aende hospitali, sisi tutampigia. Akasema atangoja kidogo. Akakaa kwenye kiti kilichotazamana na meza yangu.

Kukabidhiana nyumba ni kungoja, vijana. Msikodi gari la kuhamisha vitu asubuhi. Nimeona mtu na magodoro yake kwenye theluji tangu saa tatu akiulizia funguo. Pesa inatoka benki kuja kwa wakili wako, kutoka kwake kwenda kwa wakili wa muuzaji, huyo anahakikisha, ndipo wote wawili wanakubali na kitufe kinabonyezwa. Siku ile pesa ya benki ilichelewa. Mchana ukapita. Pendo hakula. Nilimpa chai, ikapoa mbele yake.

Saa tisa na kitu simu ya mezani kwangu ililia, nikaona ni namba ya Elia. Pendo naye aliiona, kwa sababu alikuwa amesimama. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu.

"Mama, usipokee."

Nikamwangalia.

"Usipokee. Ngoja iandikwe kwanza."

Simu ilikuwa bado inalia. Kazi yangu katika ofisi ile ilikuwa kupokea simu, na nilikuwa sijawahi kuiacha simu ilie nikiwa nimekaa mbele yake. Niliutoa mkono wangu chini ya wake, nikapokea.

Elia hakusalimia. Aliuliza, "Imepita?"

"Bado," nikasema.

Nilisikia kelele za hospitali, vitanda, mtu akiitwa kwenye spika. Halafu akasema, "Basi nitapiga baadaye," akakata.

Pendo aliniuliza amesema nini. Nikamwambia neno kwa neno. Aliyapima. Alikuwa mwepesi kuelewa, kama nilivyosema.

"Hajasema kitu," alisema. "Basi hujui kitu. Hata mimi sijui kitu."

Ilikuwa kweli. Sikujua kitu. Mtu anaweza kukata simu kwa mambo mengi. Lakini nilikuwa nimeisikia ile sauti, nanyi mngeisikia mngeogopa nilivyoogopa. Nikasimama.

"Kaa, Mama Neema," alisema. Hakupandisha sauti. "Kaa tu. Nakuomba. Si kwamba udanganye. Ukae tu."

Sijawahi kuombwa kitu kidogo kama hicho. Miguu yangu ilitaka kukaa. Nilikwenda nikagonga mlango wa Bi Zarina. Pesa ilikuwa imeingia. Upande wa pili walikuwa wameshakubali. Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe. Nikamwambia Elia amepiga, ameuliza imepita, nikasema bado, akasema atapiga baadaye, akakata. Sikuongeza langu. Bi Zarina aliondoa mkono kwenye kompyuta, akauweka pajani kama kitu cha mtu mwingine.

Alimpigia Elia. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga hospitali, wakamjibu kwamba habari za mgonjwa wanampa mkewe tu. Tukatoka wote wawili mpaka mezani kwangu, na Bi Zarina akamnyooshea Pendo simu.

Pendo akarudi nyuma hatua.

"Piga," Bi Zarina alisema kwa Kiswahili. "Wewe mke."

"Wewe bonyeza kwanza."

"Siwezi. Mimi nikiuliza, nisiojua, siwezi."

Kiswahili chake kilivunjika hapo, nikamalizia mimi. Nikamweleza Pendo kwamba wakili akiwa na sababu ya kuhofu, hawezi kufumba macho akaendelea. Ama tujue, ama tungoje mpaka saa kumi na moja ipite na nyumba iende.

Pendo alikaa chini. Aliishika mikono yake mwenyewe. Simu ya Bi Zarina ikalia huko ndani, wakili wa muuzaji anauliza mbona kimya, tunamaliza au hatumalizi. Bi Zarina akaenda kumwomba muda, akarudi, akasimama. Ikalia tena. Hakuna aliyemsemesha Pendo. Saa ya ukutani nilikuwa naisikia, na ninaapa kabla ya siku hiyo sikujua kwamba saa ile inatoa sauti. Saa kumi ilipita. Nilikuwa nawaza kwamba labda Daudi amelala mahali fulani amefunikwa, na mkewe yuko hapa anamkinga asife mpaka kitufe kibonyezwe, na mimi ndiye niliyeziba njia.

Mwishowe alinyoosha mkono bila kuniangalia. Nikampa simu. Alitaja jina lake, akasema yeye ni mke. Akawekwa angojee. Alingoja na macho yamefungwa.

Kisha akafungua macho. Akasema kwa Kiingereza asante, akasema tena asante, akaweka simu juu ya meza taratibu sana.

"Ametoka," alisema. "Anapumua mwenyewe."

Bi Zarina alikuwa ameshageuka. Tulisikia kiti chake kikisogezwa, halafu akasema kutoka ndani, kwa sauti ya kawaida kama anayetaja bei ya mchele, kwamba nyumba imeandikwa.

Hakuna aliyepiga kigelegele.

Elia tulimpata baadaye. Alikuwa amemwona daktari akija kwenye korido anavua kofia, naye wakati huo yuko nasi kwenye simu. Alipozima simu alikuwa bado hajaambiwa lolote. Alijisemea kama ni mabaya, ayasikie peke yake kwanza, sisi tuyapate nyumba ikishakuwa ya shemeji yake. Akakaa hivyo na simu iliyozimwa hata baada ya kuambiwa mema, anasema akili haikumkumbusha kuiwasha. Mtu huyohuyo ambaye mkataba ungevunjika angepona deni. Bi Zarina alimgombeza kwa Kiswahili chote alichokuwa nacho. Mimi sikumgombeza.

Nilimpa Pendo bahasha ya funguo. Aliipokea, akavaa koti, akashuka ngazi bila kuaga. Msichana ambaye hakuwahi kuingia mlango ule bila shikamoo. Nilikaa kidogo, kisha nikamfuata, nikamkuta kituo cha basi la barabara ya Kipling. Nilikuwa nimesahau koti. Tukasimama.

"Mama, kama wangeniambia amefariki?"

"Nyumba isingeandikwa."

"Ungeniacha niende wapi na watoto?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa sijui kweli, hata leo sijui, na kama mnataka mtu wa kuwaambia kwamba sheria ina jibu la hilo, msiniulize mimi.

Malori yalipita. Aliigeuzageuza bahasha.

"Nilikataa kuuliza kama mume wangu yu hai," alisema. "Kwa ajili ya nyumba. Nikifika pale, nimwambie?"

Basi lilikuwa limeshatokea kwenye taa.

"Mwambie," nikasema. "Lakini si leo."